Majanga ya asili na usugu wa vimelea dhidi ya dawa

Majanga ya asili na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni matatizo mawili yanayochocheana. Kwa upande mmoja, mafuriko, matetemeko ya ardhi, vimbunga, tsunami na ukame huweka mazingira ambamo vimelea visivyosikia dawa huzaliana na kuenea kwa urahisi. Kwa upande mwingine, pale ambapo usugu umekwisha kuenea, ni vigumu zaidi kuwatibu majeruhi na wagonjwa wa janga: hukaa hospitalini muda mrefu, hutumia dawa za gharama kubwa, na baadhi yao hufa kwa maambukizi ambayo zamani yalitibika kwa sindano chache.

Uhusiano huu ni muhimu hasa kwa nchi zenye mvua kubwa za msimu, miji iliyojaa vyoo vya shimo, na maduka yanayouza dawa bila cheti cha daktari. Afrika ya Mashariki ni mojawapo ya maeneo hayo.

## Maana ya maneno

*Janga la asili* ni tukio linalotokana na nguvu za dunia au hali ya hewa na linalozidi uwezo wa jamii kulikabili bila msaada. Mvua kubwa peke yake si janga. Huwa janga inapokuta nyumba zimejengwa bondeni na mifereji imezibwa.

*Vimelea* katika makala hii ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyosababisha magonjwa: bakteria, virusi, fangasi (kuvu) na protozoa. *Usugu* ni uwezo wa vimelea hivyo kuendelea kuishi na kuzaliana ingawa mgonjwa amepewa dawa iliyotakiwa kuviua au kuvizuia. Nchini Tanzania hali hiyo huitwa kwa kifupi UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Ni muhimu kuelewa kwamba anayekuwa sugu ni kimelea, si mwili wa mtu. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki (viuavijasumu) maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria sugu kutoka kwa jirani, kwenye maji au hospitalini. Jambo hili ndilo linaloufanya usugu uwe tatizo la umma, na ndilo linaloufungamanisha na majanga.

## Jinsi usugu unavyotokea

Bakteria huzaliana kwa kujigawa, na baadhi yao hufanya hivyo kila baada ya dakika 20 hivi. Katika mgawanyiko huo hutokea makosa madogo katika nakala ya vinasaba. Makosa mengi hayana faida, lakini mara chache moja humwezesha bakteria kuistahimili dawa fulani. Dawa hiyo ikitumika, bakteria dhaifu hufa na yule mstahimilivu hubaki na nafasi yote. Dawa haimfundishi bakteria kuwa sugu. Inachofanya ni kuwaondoa washindani wake.

Njia ya pili ni ya haraka zaidi. Bakteria huweza kupeana vipande vya vinasaba viitwavyo *plasmidi*, hata kama si wa aina moja. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za usugu dhidi ya dawa nyingi kwa mpigo. Hivyo bakteria asiye na madhara anayeishi katika utumbo wa kuku anaweza kumpa jeni yule anayeleta kuhara kwa binadamu, mradi wamekutana mahali pamoja. Mahali wanapokutana kwa wingi ni kwenye kinyesi, maji taka, tope na vidonda vichafu.

Tatizo hili si geni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba kutumia dawa hiyo kwa kiasi kidogo kuliko inavyotakiwa kungezalisha bakteria wasioiogopa. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo 1,270,000 duniani katika mwaka 2019, na walihusika katika vifo 4,950,000. Kanda iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko zote kwa kulinganisha na idadi ya watu ilikuwa upande wa magharibi wa Afrika kusini kwa Sahara.

## Jinsi majanga yanavyoongeza usugu

### Maji machafu

Mafuriko huchanganya vitu ambavyo kwa kawaida hutengwa. Maji yanayopita mjini hufukua vyoo vya shimo, hujaza chemba, hubeba samadi ya mabanda, taka za hospitali, kemikali za viwandani na mabaki ya dawa, kisha huvimwaga vyote visimani, mashambani na majumbani. Katika mchanganyiko huo bakteria wa binadamu, wa wanyama na wa udongoni hukutana na kubadilishana jeni. Metali nzito kama shaba na zinki nazo huchangia, kwa kuwa mara nyingi jeni za kustahimili metali hukaa kwenye plasmidi ileile yenye jeni za kustahimili dawa. Bakteria anayeokoka metali huwa ameokoka na dawa pia.

Baada ya Kimbunga Harvey kuifurikisha Houston, Marekani, mwezi Agosti 2017, watafiti walipima maji ya mafuriko na kukuta viwango vya juu vya bakteria wa kinyesi na vya jeni za usugu, hata katika maji yaliyotuama ndani ya nyumba. Jambo hilo lilitokea katika mji wenye mabomba ya maji taka. Mji unaotegemea vyoo vya shimo huwa katika hatari kubwa zaidi.

### Majeraha

Tetemeko la ardhi, tsunami na kimbunga huacha majeruhi wengi kwa wakati mmoja. Vidonda vyao huingiwa na udongo, maji ya chumvi, vipande vya mbao na nyama iliyopondeka. Nyama iliyokufa haifikiwi na damu, na dawa husafiri kwa damu. Kwa hiyo bakteria aliyejificha humo hupata dawa kidogo tu au hakosi kuponyoka kabisa. Ndiyo sababu kusafisha kidonda na kukata nyama iliyokufa ni tiba ya kwanza, na antibiotiki ni nyongeza.

Aidha, baadhi ya vimelea vya udongoni na majini ni sugu kwa asili yao. *Burkholderia pseudomallei*, anayesababisha ugonjwa wa melioidosisi, hasikii penisilini wala jentamisini. Fangasi wa kundi la Mucorales hawasikii flukonazoli, dawa iliyo rahisi kupatikana. Baada ya kimbunga cha nchi kavu kuupiga mji wa Joplin, Marekani, tarehe 22 Mei 2011, majeruhi 13 walipata maambukizi ya fangasi hao vidondani, na 5 kati yao walifariki.

### Hospitali zilizofurika

Baada ya tetemeko, hospitali iliyobaki imesimama hupokea wagonjwa mara nyingi zaidi ya uwezo wake. Vitanda husogezwa karibu karibu, wengine hulala sakafuni, maji ya kunawa hukatika, glavu huisha, na mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji hukosa umeme. Katika hali hiyo bakteria sugu aliyekuwa kwa mgonjwa mmoja husafiri kwa mikono ya wahudumu hadi kwa wengine. *Acinetobacter baumannii*, anayeweza kuishi kwa siku nyingi juu ya vitu vikavu kama vitanda na meza, ameripotiwa mara kwa mara baada ya matetemeko.

### Msongamano wa kambini

Waliopoteza makazi huhifadhiwa shuleni, makanisani, misikitini, viwanjani au kwenye mahema. Choo kimoja hutumiwa na watu wengi, na maji ya kunywa huletwa kwa magari. Magonjwa ya kuhara, ya njia ya hewa na ya ngozi huenea upesi. Baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, katika kituo kimoja cha waliohamishiwa Dallas, Marekani, ilipatikana kundi la watu wapatao 30, watoto na watu wazima, wenye maambukizi ya *Staphylococcus aureus* asiyesikia metisilini.

### Dawa bila vipimo

Katika hali ya kawaida, daktari anayeshuku usugu huagiza sampuli ioteshwe maabara ili kujua ni dawa gani inafaa. Baada ya janga, maabara huenda imebomoka au haina umeme, na matokeo yanayochukua siku mbili au tatu hayawezi kusubiriwa. Mganga hulazimika kubahatisha, naye kwa busara huchagua dawa yenye nguvu inayoua aina nyingi. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi kwa mgonjwa mmoja, lakini ukirudiwa kwa maelfu hupunguza uwezo wa dawa hiyo kwa kila mtu.

Pamoja na hayo huja misaada isiyopangwa: dawa zilizokaribia kuisha muda, zenye maandishi ya lugha isiyoeleweka, au zisizohitajika. Wengine hujinunulia vidonge viwili vitatu dukani kwa kuwa fedha haitoshi dozi nzima, au hugawana dozi moja katika familia. Dawa duni na bandia nazo hupata soko pale njia za kawaida za usambazaji zinapokatika. Zenye kiambato pungufu ndizo hatari zaidi kwa upande wa usugu, kwa sababu huwaua bakteria dhaifu na kuwaacha hodari.

### Matibabu yaliyokatizwa

Kifua kikuu hutibiwa kwa miezi 6 au zaidi, na virusi vya UKIMWI (VVU) kwa maisha yote. Mgonjwa aliyekimbia maji usiku bila kadi wala dawa anaweza kukaa wiki kadhaa bila matibabu. Kila pengo la aina hiyo hukipa kimelea nafasi ya kuzaliana huku mwili ukiwa na dawa kidogo, na hapo usugu huweza kuanza. Kifua kikuu sugu kikishatokea, huenea kwa hewa kama kile cha kawaida.

### Mifugo, ukame na joto

Ukame hauji kwa kishindo, lakini hufanya kazi hiyohiyo. Visima vinapokauka, watu na mifugo hunywa katika bwawa moja, na maji ya kunawa mikono huwa ya kwanza kupunguzwa. Katika Pembe ya Afrika, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022. Mfugaji anayemwona ng'ombe wake akidhoofika mara nyingi humchoma mwenyewe sindano ya oksitetrasaiklini, ingawa njaa haitibiwi kwa antibiotiki. Mabaki ya dawa hubaki katika maziwa na samadi.

Joto pia linahusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha maeneo mbalimbali ya Marekani na kukuta kwamba ongezeko la nyuzi 10 za selsiasi katika kiwango cha chini cha joto liliendana na ongezeko la asilimia 4.2 la usugu katika *Escherichia coli*, 2.2 katika *Klebsiella pneumoniae* na 2.7 katika *Staphylococcus aureus*. Kuendana si lazima kuwe kusababisha, lakini inajulikana kwamba bakteria huzaliana na kupeana plasmidi kwa haraka zaidi penye joto.

## Jinsi usugu unavyozidisha madhara ya majanga

Uhusiano huu una upande wa pili unaosahaulika. Mpango wa dharura kwa kawaida huhesabu mahema, unga, magari ya maji na masanduku ya dawa, ukichukulia kwamba dawa zilizomo zitafanya kazi. Pale usugu ulipoenea, hesabu hiyo huharibika kwa njia zifuatazo:

* Vitanda hujaa. Mgonjwa ambaye angetoka baada ya siku 5 hukaa wiki 3, na majeruhi mpya hukosa nafasi.
* Dawa mbadala huhitaji vitu vingi. Nyingi ya dawa za mwisho hutolewa kwa dripu mara kadhaa kwa siku. Zinahitaji muuguzi, maji safi ya sindano na vipimo vya figo, vitu ambavyo huwa adimu wakati wa dharura.
* Upasuaji huwa wa hatari. Kuunga mfupa kwa vyuma au kumfanyia mama upasuaji wa kujifungua hutegemea dawa za kuzuia maambukizi. Zisipofanya kazi, mguu ambao ungeokolewa hukatwa.
* Milipuko huchukua muda mrefu kudhibitiwa. Mgonjwa wa kuhara damu asiyepona haraka huendelea kutoa vimelea na kuambukiza wengine.
* Usugu husafiri. Majeruhi huhamishiwa mikoa au nchi nyingine, nao hubeba bakteria wao hadi hospitali ambazo hazikuguswa na janga.

## Matukio ya kihistoria

### Tanzania, 1977

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Tanzania mwezi Oktoba 1977 haukuwa janga la asili kwa maana kamili, lakini ni mfano unaoeleweka vizuri wa kile kinachotokea dawa inapogawiwa kwa wingi katika hali ya dharura. Mwanzoni vimelea vyote vilivyopimwa viliisikia tetrasaiklini. Dawa hiyo ilitumiwa sana, kwa wagonjwa na pia kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Baada ya miezi 5 hivi, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979 katika jarida la *The Lancet* na watafiti wa Dar es Salaam wakiongozwa na Fred Mhalu. Leo hii kugawa antibiotiki kwa jamii nzima ili kuzuia kipindupindu hakupendekezwi.

### Goma, 1994

Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa muda wa siku chache. Chanzo kilikuwa vita na mauaji ya kimbari, lakini ardhi yenyewe iliongeza maafa: mji umejengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, ambayo ni magumu kuchimba vyoo wala makaburi. Wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kipindupindu hicho kilikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini, na bakteria wa kuhara damu walikuwa sugu kwa dawa nyingi zilizokuwepo.

Mji huohuo uliguswa tena na volkeno mwaka 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Katika mlipuko wa pili lava iliharibu tangi na mabomba, na sehemu kubwa ya wakazi ilikosa maji ya bomba.

### Uturuki, 1999

Tetemeko la Marmara la tarehe 17 Agosti 1999 liliua watu zaidi ya 17,000. Miongoni mwa waliofukuliwa kwenye vifusi, zaidi ya 600 walipata matatizo ya figo kutokana na misuli kupondwa. Takriban theluthi moja ya hao walipata maambukizi, na mengi yalitokea wakiwa hospitalini. Tukio hilo lilionyesha kwamba adui wa majeruhi si tope la siku ya kwanza tu, bali pia wodi ya wiki ya pili.

### Tsunami ya Bahari ya Hindi, 2004

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu wapatao 230,000, wengi wao Indonesia, Sri Lanka, Uhindi na Uthai. Mawimbi yalifika hadi Somalia, Kenya na Tanzania, ambako pia watu walikufa. Waliookoka walikuwa na vidonda vilivyojaa mchanga na matope, na wengine walivuta maji machafu hadi mapafuni. Watalii waliorudishwa Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya walikutwa na bakteria wa aina kadhaa katika kidonda kimoja, wengi wao wakiwa sugu kwa dawa mbalimbali. Hospitali zililazimika kuwatenga ili wasiwaambukize wagonjwa wengine.

### Haiti, 2010

Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilibomoa Port-au-Prince. Miezi 9 baadaye, mwezi Oktoba, kipindupindu kililipuka, baada ya maji taka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal kuingia katika mto. Kwa hiyo tetemeko halikuleta kimelea. Lilivutia wageni na kuiacha nchi bila kinga. Kimelea hicho kilifika kikiwa tayari kimebeba jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa, lakini doksisaiklini na azithromisini ziliendelea kufaa. Watu zaidi ya 800,000 waliugua na karibu 10,000 walikufa.

### Msumbiji, 2019

Kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Watu zaidi ya 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kipindupindu kilitangazwa kabla ya mwezi kwisha, lakini safari hii hatua zilichukuliwa upesi: vituo vya matibabu vilifunguliwa, maji yalitiwa dawa, na kuanzia tarehe 3 Aprili watu zaidi ya 800,000 walipewa chanjo ya matone. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000, lakini vifo vilivyoandikwa ni 8. Tukio hilo linaonyesha kwamba chanjo na maji safi vinaweza kuzuia maambukizi kabla haja ya antibiotiki haijatokea.

### Pakistan, 2022

Mwaka 2016 huko Hyderabad, jimbo la Sindh, kulitokea homa ya matumbo isiyosikia dawa tano za kawaida. Kwa mgonjwa wa kawaida ilibaki azithromisini kuwa dawa pekee ya kumeza. Mwaka 2022 mafuriko makubwa yaliathiri watu milioni 33 nchini humo na kuua zaidi ya 1,700, na Sindh ilikuwa kati ya majimbo yaliyoumia zaidi. Hapo usugu ulitangulia na janga likafuata: maji machafu yalitapakaa katika eneo ambalo tayari lilikuwa na kimelea kilichobakiza dawa chache.

### Yemen

Mlipuko wa kipindupindu uliozuka Yemen mwaka 2016 ulitokana na vita, ukachochewa na mvua na mafuriko. Watu zaidi ya milioni 2 walishukiwa kuugua. Miaka ya mwanzo kimelea kilisikia dawa nyingi. Baadaye, kuanzia mwaka 2018, kilikutwa na plasmidi iliyokipa usugu dhidi ya dawa nyingi, zikiwemo za kundi la azithromisini zilizokuwa zikitumiwa kwa wagonjwa.

## Dhana zisizo sahihi

Maiti za janga huleta milipuko. Waliokufa kwa majeraha au kuzama hawakuwa na magonjwa ya mlipuko, na kwa kawaida miili yao si chanzo cha milipuko. Isipokuwa waliokufa kwa kipindupindu au magonjwa ya namna hiyo, hakuna haja ya kuwazika haraka haraka bila kutambuliwa, wala ya kugawa dawa kwa waliowazika.

Kila anayehara apewe antibiotiki. Tiba kuu ya kipindupindu na kuhara kwa kawaida ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Katika kipindupindu antibiotiki hupewa hasa walioishiwa maji kupita kiasi. Hupunguza muda wa kuhara, lakini haichukui nafasi ya maji ya chumvichumvi.

Kidonda kishonwe siku hiyohiyo. Kidonda kichafu kikishonwa mara moja hufungia bakteria ndani. Inashauriwa kukisafisha, kukiacha wazi kwa siku chache kikifunikwa kwa bandeji safi, kisha kukishona kikiwa hakina dalili za maambukizi.

Dawa kali ndiyo bora. Dawa bora ni ile inayomfaa kimelea aliyepo. Dawa ya akiba ikitumiwa kwa jambo dogo, haitakuwepo kwa jambo kubwa.

## Kinga na maandalizi

Kwa kuwa matatizo haya mawili yanategemeana, hatua moja mara nyingi husaidia pande zote mbili.

*Kabla ya janga.* Hatua yenye faida kubwa ni ya kawaida kabisa: maji salama, vyoo visivyofurika na mifereji iliyo wazi. Chanjo za pepopunda, surua, homa ya matumbo na kipindupindu hupunguza idadi ya watakaohitaji dawa. Hospitali inayopima mara kwa mara usugu wa vimelea katika eneo lake huweza kuandaa akiba ya dawa zinazofaa, badala ya kubahatisha siku ya dharura.

*Wakati wa janga.* Shirika la Afya Duniani (WHO) liligawa antibiotiki mwaka 2017 katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu, na za akiba. Mgawanyo huo huwasaidia wahudumu wanaotoka sehemu mbalimbali kufuata mwongozo mmoja. Maabara ndogo za kuhamishika, orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu na VVU iliyohifadhiwa mahali salama, na akiba ya dawa za mwezi mmoja au zaidi kwa wagonjwa hao huziba mapengo ya matibabu.

*Baada ya janga.* Kuchunguza vimelea kunapaswa kuendelea kwa miezi mingi, kwa kuwa bakteria sugu wa hospitalini huonekana wiki kadhaa baada ya wageni na kamera kuondoka. Visima vilivyoingiliwa na mafuriko hutakiwa kusafishwa na kutiwa klorini kabla ya kutumiwa tena.

Kwa mtu wa kawaida, mambo machache yanatosha: kuchemsha maji au kuyatia dawa, kunawa mikono kwa sabuni, kuosha kidonda mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, kuweka kadi ya kliniki na dawa za kila siku katika mfuko mmoja unaoshikika haraka wakati wa mvua, kutonunua antibiotiki bila ushauri wa mhudumu wa afya, na kutogawana dozi.

## Sera

Mwaka 2015 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango wa dunia wa kupambana na usugu, na mwaka huohuo Mfumo wa Sendai wa kupunguza hatari za majanga, wa 2015 hadi 2030, ulijumuisha hatari za kibiolojia. Tanzania na Kenya zote zilianza mipango ya kitaifa dhidi ya usugu mwaka 2017. Mipango ya aina hiyo hufuata wazo la *Afya Moja*, yaani kuangalia kwa pamoja afya ya binadamu, wanyama na mazingira. Mwezi Septemba 2024 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusiana na bakteria sugu ifikapo mwaka 2030, kwa kulinganisha na mwaka 2019.

Katika nchi nyingi, hata hivyo, usugu hushughulikiwa na wizara ya afya na majanga hushughulikiwa na ofisi nyingine. Mafuriko yakija, huvikuta vitabu viwili vya mipango visivyotajana, ilhali mgonjwa aliyelala kwenye turubai la shule ni mmoja.

## Tazama pia

* Antibiotiki
* Kipindupindu
* Homa ya matumbo
* Kifua kikuu
* Mafuriko
* Tetemeko la ardhi
* Tsunami
* Mabadiliko ya tabianchi